Maswali ya Wasomaji: Mwanangu aliachishwa jeshi la akiba Marekani, na karatasi zake zimekosewa

SWALI

Ndugu Mshauri, salamu kutoka Tukuyu. Mimi ni mama mjane mwenye umri wa miaka 64. Mwanangu alikwenda Marekani kusoma mwaka 2010, akapata kibali cha ukaazi wa kudumu, na mwaka 2013 akajiunga na Jeshi la Akiba la huko, lile la askari wanaofanya kazi zao za kawaida wiki nzima na kwenda mazoezini mara moja kwa mwezi. Mwaka 2016 aliitwa kazini akapelekwa Kuwait kwa miezi tisa.

Juni 2019 baba yake alifariki dunia. Mwanangu alikuja kuzika, na kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume pekee, wazee wa ukoo walimwomba abaki mpaka mambo ya mirathi na shamba la chai yakae sawa. Alirudi Marekani mwishoni mwa Septemba. Nyumba aliyokuwa amepanga alikuwa ameiachia, lakini barua za jeshi ziliendelea kwenda kwenye anwani ile ile. Mwaka 2020 aliachishwa kwa sababu ya kutohudhuria mazoezi, na agizo la kumwachisha linasema utumishi wake uliishia katika hali isiyo ya heshima.

Zaidi ya hapo, karatasi aliyopewa alipotoka Kuwait, ile wanayoiita DD 214, inasema alizaliwa 3 Mei 1990, ilhali mimi nilimzaa 5 Machi, pale Makandana, usiku wa mvua kubwa ambayo sitaisahau. Kuwait yenyewe haikutajwa popote. Mwanangu amekata tamaa, anasema jeshi likishaandika limeandika. Kuna kijana huku Mwanjelwa anayesema anaweza kulimaliza jambo hili kwa shilingi 800,000. Je, mimi mama yake naweza kuomba kwa niaba yake? Na tuanzie wapi?

Mama wa Rungwe

JIBU

Mama, shikamoo. Pole sana kwa kuondokewa na mzee, na pole kwa mzigo huu uliofuata nyuma ya msiba.

Nianze na huyo kijana wa Mwanjelwa, kwa sababu fedha zikishatoka hazirudi. Usimpe chochote. Kuomba marekebisho ya rekodi za jeshi la Marekani hakuna ada, wala sheria haimlazimishi mwombaji kuwa na wakili. Vyama vya askari wa zamani vya huko, kama American Legion na Disabled American Veterans, vina wawakilishi wanaowasaidia watu kama mwanao kujaza fomu na kupanga hoja bila malipo, na yeye akiwa huko huko Marekani anaweza kuwafikia kwa simu. Kishoka wa hapa Mbeya hana mlango wowote ambao mwanao hana.

Kuhusu kuomba kwa niaba yake, sheria yao inamruhusu mzazi, mwenzi wa ndoa au mrithi kuomba pale tu ambapo askari mwenyewe amefariki au hana uwezo wa kujisimamia. Mwanao yu hai na ana akili timamu, kwa hiyo sahihi lazima iwe yake. Hata hivyo usiione nafasi yako kuwa ndogo, kwa maana ushahidi mzito kuliko wote katika shauri hili uko Tukuyu, nawe ndiye unayeushika. Nitaufikia.

Kwanza inabidi tuzitenganishe karatasi mbili ambazo familia nyingi huzichanganya, na mimi mwenyewe nilipokuwa mgeni wa mambo haya nilizichanganya. DD 214 ni hati inayotolewa askari anapomaliza kipindi cha utumishi wa muda wote. Askari wa akiba huipata anapoachiliwa baada ya kutumikia mfululizo kwa siku 90 au zaidi, ama kwa mafunzo ya mwanzo, ama kwa kuitwa kazini kama mwanao alivyoitwa mwaka 2016. Mazoezi ya kila mwezi hayazai hati hiyo. Maana yake ni kwamba askari wa akiba anaweza kuwa na DD 214 mbili au tatu, kila moja ikihesabu kipindi chake, na akaachishwa jeshi lenyewe miaka kadhaa baadaye kwa agizo la kawaida lisilo DD 214 kabisa. Ndivyo ilivyo kwa mwanao. Karatasi ya Kuwait ni moja, na agizo la mwaka 2020 ni jingine.

Tofauti hii ina uzito. Mwambie mwanao aitazame DD 214 yake kwenye kisanduku namba 24, panapoandikwa tabia ya utumishi. Ikiwa pameandikwa kwamba alitumika kwa heshima, basi heshima hiyo ya kipindi cha Kuwait haikufutwa na agizo la mwaka 2020. Idara ya Masuala ya Maveterani ya Marekani inapoamua mafao hukiangalia kipindi kile kilichoizaa haki inayodaiwa. Msaada wa masomo kwa waliotumika baada ya 11 Septemba 2001, kwa mfano, huanzia kwa aliyetimiza jumla ya siku 90 za utumishi wa muda wote, na miezi tisa inaipita hesabu hiyo kwa mbali. Huenda mwanao ameacha kudai kitu ambacho hakuna aliyemnyang'anya. Ahakikishe pia kwamba anasoma nakala ndefu, ile yenye maneno Member-4 pembeni, kwa sababu nakala fupi huondoa visanduku vya chini vinavyoeleza tabia ya utumishi na sababu ya kuachishwa.

Sasa makosa yenyewe. Umeyataja matatu, na ningependa mwanao ayaone kuwa ni matatu kweli, kila moja likiwa na mstari wake, hati yake ya asili na ofisi yake. Waombaji wengi hushindwa kwa kuandika barua moja ndefu yenye uchungu wote wa miaka yote, ikidai haki kwa jumla. Anayeisoma barua hiyo hana kisanduku cha kuiwekea. Akiletewa ombi linalosema mstari fulani unasomeka hivi, hati fulani ya tarehe fulani inasema vile, naomba mstari usomeke vile, anaweza kulifanyia kazi asubuhi hiyo hiyo.

Tarehe ya kuzaliwa. Mama, nadhani najua ilikopotelea. Sisi huandika siku kwanza kisha mwezi, kwa hiyo 5 Machi 1990 kwetu ni 05/03/1990. Mmarekani huandika mwezi kwanza, na akiona tarakimu hizo hizo husoma Mei 3. Kisha jeshi lao huandika tarehe kwa kuanza na mwaka, yaani 19900503, na kosa likishaingia katika mfumo huo halionekani tena kuwa ni kosa. Mwanao atafute mkataba wake wa kujiunga na jeshi, fomu DD 4, aone pameandikwaje. Ikiwa mkataba una tarehe sahihi na DD 214 ndiyo iliyoteleza, hilo ni kosa la karani, nalo hurekebishwa kiutawala. Ikiwa kosa lipo tangu mkataba, kazi ni kubwa zaidi, kwa sababu jeshi hupenda hati ionyeshe mambo kama yalivyokuwa katika kumbukumbu zake wakati ule, na hapo itabidi aende kwenye bodi ya kurekebisha kumbukumbu, ambayo nitaieleza mwishoni. Katika hali zote mbili atahitaji cheti cha kuzaliwa. Kama alichonacho kimechakaa au hakisomeki, wewe unaweza kuomba nakala RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya pale Tukuyu. Kama una kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo cha mwaka ule ule wa 1990, toa nakala pia, kwa sababu hati iliyoandikwa karibu na tukio huaminika kuliko iliyotolewa miaka mingi baadaye.

Kuwait. Katika DD 214 mambo haya hukaa sehemu mbili, yaani kisanduku namba 13 cha nishani, na namba 18 cha maelezo, ambapo huandikwa nchi aliyotumikia na tarehe za kuingia na kutoka. Hapa maneno ya mdomo hayatoshi, na picha ya kijana amevaa magwanda mbele ya mchanga haithibitishi nchi wala tarehe. Kinachothibitisha ni agizo la kumwita kazini, agizo la kumwachilia, hati za mshahara za miezi ile, hati za madai ya safari, na vyeti vya nishani. Askari wa akiba aliyeitwa kwa ajili ya operesheni huwa na haki ya Nishani ya Majeshi ya Akiba yenye herufi M, inayoonyesha kwamba aliwahi kuitwa. Aangalie kama nayo imesahauliwa, maana mara nyingi kosa moja huwa na mwenzake.

Kama hana nakala zake, ataomba jalada lake lote kwa fomu SF 180, inayohusu Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi kilichoko St. Louis, Missouri. Asiombe DD 214 peke yake, bali aombe jalada zima pamoja na nyaraka zote za kuachishwa. Kituo hicho kiliungua tarehe 12 Julai 1973, na kati ya majalada milioni 16 na 18 yakateketea. Jalada la mwanao halimo katika hasara hiyo, lakini tangu nilisome jambo lile simwambii mtu yeyote kwamba serikali inazo nakala, hivyo asihangaike na zake.

Akishapata hati hizo, maombi ya kurekebisha makosa ya kiutawala huenda kwenye Kamandi ya Rasilimali Watu ya Jeshi la Nchi Kavu, Fort Knox, Kentucky. Wakikubali, hawataandika DD 214 mpya. Watatoa hati iitwayo DD 215, inayotaja kisanduku kilichokosewa na maneno yanayopaswa kusomeka. Tangu siku hiyo hati hizo mbili ziishi pamoja kama cheti cha ndoa na pete. Atakayepeleka DD 214 bila DD 215 atakuwa anapeleka kosa lile lile alilohangaika kuliondoa.

Nimekuja sasa kwenye lile linalokuumiza, agizo la mwaka 2020.

Maneno yaliyoandikwa pale yanaumiza, lakini yasomwe kwa kipimo chake. Katika ngazi za tabia ya utumishi za jeshi la Marekani, juu kabisa kuna utumishi wa heshima, kisha utumishi wa kawaida chini ya hali ya heshima, kisha hii ya mwanao, ambayo ndiyo ya chini kabisa miongoni mwa zinazotolewa kiutawala. Zilizo chini yake hutolewa na mahakama ya kijeshi tu. Mwanao hakushtakiwa wala hakuhukumiwa. Mtu yeyote kijijini anayesema kwamba alifukuzwa kwa jinai anasema lisilo kweli.

Alifikaje hapo? Wikiendi moja ya mazoezi haihesabiwi kuwa ni hudhurio moja. Kila nusu siku ni hudhurio, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili pamoja ni mahudhurio manne. Kanuni ya Jeshi la Akiba inasema aliyekosa mahudhurio tisa au zaidi bila ruhusa ndani ya mwaka mmoja anaweza kutangazwa kuwa mshiriki asiyeridhisha. Mwanao alikosa Julai, Agosti na Septemba, ambayo ni mahudhurio kumi na mawili. Hapa kwetu mtoto wa kiume anayeondoka kabla ya matanga kuondolewa na mirathi kufunguliwa husemwa vibaya mpaka kwa wajukuu, na miezi mitatu ni muda wa kawaida kabisa. Kwa kamandi iliyokaa Marekani, miezi mitatu ilikuwa ni kiti kitupu mara kumi na mbili. Kazi ya maombi yake ni kumfanya msomaji wa upande ule akione kilichokuwa upande huu.

Mlango wake wa kwanza ni Bodi ya Kupitia Upya Uachishwaji, kwa fomu DD 293. Muda wake ni miaka 15 tangu siku ya kuachishwa, kwa hiyo mwanao anao mpaka mwaka 2035, ingawa simshauri angoje, kwani mashahidi huhama na nyaraka hupotea. Bodi hiyo hupima mambo mawili. La kwanza ni kama utaratibu ulifuatwa, na la pili ni kama uamuzi ulikuwa wa haki ukilinganishwa na utumishi wake wote. Anaweza kuomba ipitie nyaraka tu, au aombe kusikilizwa.

Katika utaratibu kuna swali moja ambalo ningelitafuta kwenye jalada kabla ya mengine yote. Askari wa akiba anayekusudiwa kuachishwa katika hali kama hii hupaswa kuarifiwa kwa maandishi, na ana haki ya kuomba asikilizwe mbele ya bodi ya maofisa. Asipojibu, huhesabiwa kuwa ameiacha haki hiyo. Je, barua ya kumwarifu ilitumwa lini, kwa njia gani, kwenye anwani ipi, na kuna ushahidi gani kwamba ilipokewa? Wewe umeandika kwamba barua zilikwenda kwenye nyumba aliyokwisha kuiachia. Hiyo inaweza kuwa hoja yenye nguvu. Ni lazima niseme pia, mama, kwamba upande wa pili una jibu, kwamba ni wajibu wa askari kuijulisha kamandi anwani yake mpya. Mwanao asilifiche hilo. Aeleze kwamba aliiachia nyumba kwa sababu ya msiba, aambatishe ujumbe wowote aliomwandikia kiongozi wake wa kikosi akiomba ruhusa, hata kama ni wa simu, na aonyeshe tarehe zake. Bodi hizi huanza na dhana kwamba maofisa walifanya kazi yao sawasawa, na ni mwombaji anayepaswa kuthibitisha vinginevyo, kwa hiyo anayekiri alipoteleza huaminika zaidi anapoeleza walipoteleza wenzake.

Katika haki, hoja zake ni miaka yake sita ya kuhudhuria vizuri, ile DD 214 ya Kuwait, na sababu ya kutokuwapo kwake. Hapo ndipo Tukuyu inapoingia.

Tafuta cheti cha kifo cha mzee. Tafuta ratiba ya ibada ya mazishi kama kanisa lilichapisha, maana huwa na tarehe na jina la mwanao katika orodha ya watoto. Omba barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza kwamba mwanao alikuwapo kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, na iwe na mhuri. Kama mahakama ya mwanzo ilifungua shauri la mirathi, chukua nakala ya mwenendo wa siku ambayo alisimama. Yeye mwenyewe atoe nakala za pasipoti zenye mihuri ya Uhamiaji ya kuingia na kutoka, pamoja na tiketi.

Kisha andika maelezo yako. Usiandike kwamba mwanao ni mtoto mwema, kwani kila mama huandika hivyo. Andika ulichokiona: mzee alifariki tarehe ngapi, mwanao aliwasili siku gani, kikao cha ukoo kiliketi lini na kilimwomba nini, nani alikuwa akivuna chai, ni lini ulimsikia akizungumza kwa simu na watu wa kikosini na alisema nini baada ya kukata simu. Andika kwa Kiswahili chako, kisha yatafsiriwe kwa Kiingereza, na mfasiri aweke sahihi yake kuthibitisha kwamba tafsiri ni sahihi. Watu wengi husafiri hadi Dar es Salaam wakidhani lazima maelezo kama haya yaapwe ubalozini. Sheria ya shirikisho ya Marekani inakubali maelezo yaliyoandikwa nje ya nchi hiyo bila kiapo mbele ya ofisa, mradi aliyeyaandika atamke kwa maandishi kwamba ni ya kweli na kwamba anajua adhabu ya uongo chini ya sheria za Marekani, kisha aweke tarehe na sahihi. Nauli ya basi itunze kwa kazi nyingine.

Bodi ya kwanza ikikataa, mlango wa pili ni Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Kijeshi, kwa fomu DD 149. Wajumbe wake ni raia, si wanajeshi, na ina uwezo mpana kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa inaweza kurekebisha karibu rekodi yoyote yenye kosa au dhuluma, ikiwamo ile tarehe ya kuzaliwa kama Fort Knox watashindwa. Sharti lake ni kwamba uwe umemaliza njia za chini kwanza. Muda wake ni miaka mitatu tangu kosa lilipogunduliwa. Usishtuke, bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki, na fomu yenyewe inampa mwombaji nafasi ya kueleza kwa nini amechelewa. Nafasi hiyo isiachwe wazi hata kidogo. Sheria inaitaka imalize maombi tisa kati ya kila kumi ndani ya miezi 10, na lisiwepo linalozidi miezi 18, kwa hiyo jipangeni kwa subira ya mwaka mmoja na nusu. Ikikataa, mwanao anaweza kuomba ifikirie upya akiwa na ushahidi mpya, lakini ushahidi uwe mpya kweli, si maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi.

Mkumbushe atume nakala na si hati halisi, na kila nakala aipe namba ambayo ataitaja ndani ya maelezo yake. Cheti cha kifo cha mzee kibaki kabatini kwako.

SWALI

Ndugu Mhariri wa safu, hongera kwa kazi. Mimi ni mzee wa Njombe niliyepita mafunzo ya mgambo na kushiriki vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Cheti changu kimeandikwa Eria, na kitambulisho changu cha Taifa kinasema Elia, ambalo ndilo jina langu la ubatizo. Mjukuu wangu amenishauri nifute kwa wembe ile herufi na kuandika nyingine, maana ni kosa dogo. Unasemaje?

Mzee E., Njombe

JIBU

Babu, shikamoo. Wembe urudi kwenye kisanduku cha kunyolea, tafadhali. Cheti chenye jina lililokosewa bado ni cheti halali chenye kosa, lakini kikishakwanguliwa kinaonekana kimeghushiwa, na ofisa atakayekipokea hatakuwa na njia ya kujua kwamba aliyekwangua alikuwa na nia njema.

Marehemu baba yangu mdogo alikuwa na shida hii hii. Lugha zetu nyingi za Nyanda za Juu hazitofautishi r na l kama Kiswahili kinavyotaka, karani husikia la kwake, nawe huitika kwa yote mawili maisha yako yote bila kugundua. Mafao yake yalikaa zaidi ya mwaka katika ofisi moja kwa sababu ya herufi hiyo. Nakumbuka alikuwa akija na faili la kijani lililofungwa kwa uzi wa katani, anaweka karatasi mbili mezani na kuuliza kama kweli sisi tunaona watu wawili hapo. Kilichomsaidia mwisho ni karatasi ya tatu, inayosema kwamba hizo mbili ni za mtu mmoja.

Karatasi hiyo ni hati ya kiapo. Nenda kwa wakili au kwa hakimu, uape kwamba Eria anayetajwa kwenye cheti namba fulani na Elia anayetajwa kwenye kitambulisho namba fulani ni mtu mmoja, na ueleze jinsi tofauti ilivyotokea. Huna haja ya hati ya kubadili jina, kwa maana hujabadili jina, limekosewa tu. Kisha andika barua kwa Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, yenye kichwa cha YAH: OMBI LA KUSAHIHISHA JINA, ukiomba aipeleke kwenye ofisi inayotunza kumbukumbu za mafunzo yako. Taja mwaka, mahali pa mafunzo na namba yako ya mgambo kama unayo. Ambatisha nakala za cheti, kitambulisho, cheti cha ubatizo na hati ya kiapo.

Hizo bodi na fomu nilizomweleza mama wa Rungwe ni za Marekani na hazifanyi kazi hapa, kwa hiyo asije mtu akakuuzia. Lakini wewe na mwanawe mnafanya kazi ya aina moja: kutaja mstari mmoja, kuonyesha hati iliyotangulia, na kuomba usomeke inavyopasa.

Barua yako ipeleke ikiwa na nakala mbili. Moja waachie, na ya pili waigonge mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani siku hiyo hiyo. Baada ya siku 30, kama kimya kimezidi, andika ya kukumbushia ukitaja tarehe iliyo kwenye mhuri huo.